Mshale wa Joto na Sailensa: Malalamiko Mawili, Ugonjwa Mmoja

Lori la zamani linalotoka na nazi au korosho kwenye vijiji vya ukingoni mwa delta ya Rufiji hutambaa kwa gia ndogo kwenye mchanga na tope kabla ya kuishika lami ya Barabara ya Kilwa. Injini inazunguka sana, gari linakwenda polepole, na rejeta haipati upepo zaidi ya ule wa feni. Mshale wa joto ukianza kupanda, tiba iliyozoeleka ni kung'oa thamostati na kuitupa.

Tiba hiyo huzaa ugonjwa mwingine.

Thamostati ni vali yenye nta. Nta ikipata moto hutanuka na kuyafungulia maji njia ya kwenda kwenye rejeta. Kwenye injini nyingi za dizeli hufanya hivyo kwenye nyuzi 80 hivi za Selsiasi, na namba yenyewe imegongwa kwenye chuma chake. Ikitolewa, maji hupita kwenye rejeta tangu injini inapowashwa. Lori likivuka Daraja la Mkapa na kukimbia lami kuelekea Kibiti, upepo huipoza injini kupita kiasi. Dizeli haiungui vizuri, moshi mweupe unatoka, na gari likisimama sailensa (mzunguko wa injini pedeli isipokanyagwa) inatetemeka. Zaidi ya hayo, zipo injini ambazo thamostati zake huziba pia njia ya mkato ya maji. Ikiondolewa, sehemu ya maji hurudi kwenye injini bila kupoa, na lori lenye mzigo huchemsha kuliko mwanzo.

Baadhi ya pampu za dizeli, zikiwamo za Isuzu 4JB1 na Toyota 2L, zina kifaa kingine cha nta kinachopashwa na maji hayohayo. Injini ikiwa baridi hupandisha sailensa, ikipata joto huishusha. Maji yasipofikia joto, au yakipungua yasikifikie kifaa hicho, sailensa hubaki juu. Fundi asiyelijua hilo huishusha kwa skrubu. Siku injini itakapopata joto kamili, lori litazimika kila dereva anapoachia pedeli.

Kabla ya yote, mshale wenyewe upimwe. Sensa ya magari mengi ya zamani ina waya mmoja, na upinzani wake wa umeme hupungua kadiri joto linavyopanda. Swichi ikiwa imefunguliwa na injini haijawashwa, fundi achomoe waya huo: mshale ulale kwenye baridi. Auguse kwenye chuma cha injini kwa sekunde moja tu: mshale upande kuelekea nyekundu. Ukitii mara zote mbili, geji na waya ni vizima. Abaki na sensa, au injini yenyewe. Geji ya mafuta ikipanda na kushuka pamoja na ya joto, atazame ethi ya dashibodi. Na dereva aogope mshale ulioshuka ghafla lori likiwa linavuta mzigo, kwa sababu huenda maji yamekwisha na sensa inapima mvuke.

Sailensa ikiendelea kutetemeka injini ikiwa ya moto, hapo ndipo inapofika zamu ya filta, hewa kwenye mipira ya dizeli na nozeli. Ikiwa mapovu yanatoka kwenye rejeta injini inapounguruma, mtuhumiwa ni gasketi ya silinda hedi.

Delta ina adui wake pia: maji ya chumvichumvi ya visima vya karibu na bahari. Dereva aliyeishiwa hujazia yaliyo karibu, na chumvi huanza kula chuma cha injini na kuziba mirija ya rejeta. Maji safi ya mvua ni afadhali, na yenye dawa ya rejeta ni bora zaidi.

Mwenye lori aanze kwa kumuuliza fundi wake kama thamostati ipo. Kama haipo, inunuliwe mpya, itumbukizwe kwenye sufuria ya maji yanayopashwa moto ili ionekane ikifunguka, kisha ifungwe kabla ya mtu kugusa skrubu ya pampu.