Mavi Njiani Yanakuambia Nini?



Asubuhi umeshika shoka na kamba. Unakwenda porini kutafuta kuni. Njiani unakuta mavi ya mnyama. Wengi wetu huyaruka tu na kuendelea na safari. Siku nyingine usifanye hivyo. Simama kidogo, uyatazame.

Mavi ni kama barua. Yanakuambia ni mnyama gani amepita, amekula nini, na amepita lini. Wazee wetu wengi hawakujua kuandika, lakini barua hii waliisoma vizuri. Wewe umejifunza kusoma herufi. Leo tujifunze kusoma barua ya porini. Inaweza kuokoa maisha yako na ya watoto wako.

Lakini kwanza shika sharti hili: USIGUSE MAVI KWA MKONO. Tumia kijiti. Sababu yake tutaiona mbele.

AMEPITA LINI?

Mavi mapya yana unyevu. Yanang'aa, yananuka, na nzi wamejaa. Mavi ya zamani ni makavu, yamepauka, na mara nyingi yamekwisha kuliwa na mchwa. Lakini jua kali hukausha upande wa nje upesi. Kwa hiyo yapasue kwa kijiti. Kama ndani bado mabichi, mnyama hayuko mbali sana. Ongeza tahadhari.

WANYAMA WALA MAJANI

Swala na digidigi huacha vidonge vidogo vyeusi, kama vya mbuzi. Digidigi hurudi kunya mahali pale pale, hata pakawa na chungu ya vidonge. Sungura huacha vidonge vya mviringo vyenye nyuzi za majani. Hawa hawana hatari kwako.

Tembo huacha mabonge makubwa kuliko nazi. Ndani utaona nyuzi za magome, vijiti na mbegu, kwa sababu tumbo lake halisagi chakula chote. Ukiona humo maganda au punje za mahindi, jua kwamba tembo huyo amekwisha ingia shambani, na huenda akarudi.

Nyati huacha mavi yaliyotandaa kama ya ng'ombe. Jiulize: je, ng'ombe hupita hapa? Kama hawapiti, basi ni nyati. Usiingie kichakani.

Kiboko hutawanya mavi yake kwa mkia, yakarukia vichaka. Ukiona vichaka vilivyopakwa mavi karibu na mto, hiyo ni njia ya kiboko. Hutoka majini usiku kwenda kula majani. Usipite hapo usiku, jioni wala alfajiri. Usisimame kati yake na maji.

WANYAMA WALA NYAMA

Mavi ya fisi huwa meupe kama chokaa yakikauka. Weupe huo unatokana na mifupa aliyokula. Fisi hupenda kunya mahali pamoja, kwa hiyo utayakuta mengi.

Mavi ya simba ni marefu, manene kama mpini wa jembe, na yananuka sana. Ndani yake mna manyoya na vipande vya mifupa. Akila nyama na damu nyingi huwa meusi. Ya chui yanafanana na hayo, ila ni membamba zaidi.

Ukumbuke basi: majani na nyuzi ni alama ya mla majani. Manyoya na mifupa ni alama ya mla nyama.

"NI NGURUWE TU"

Sasa tuseme umekuta mavi shambani kwako. Ni mabonge kama ya nguruwe wa kufugwa, na ardhi imefukuliwa. Ni nguruwe mwitu. Watu wengi husema, "Ni nguruwe tu, leo nitalala dunguni nimfukuze."

Hapo ndipo penye hatari. Kati ya mwaka 1990 na mwaka 2004, simba waliua watu zaidi ya 560 katika Tanzania. Wengi wao walikuwa wakulima wa kusini mashariki, kama vile Rufiji, Lindi na Mtwara. Watafiti walipochunguza waliona kwamba mashambulio yalizidi wakati wa mavuno. Kwa nini? Nguruwe mwitu hufuata mazao. Simba humfuata nguruwe. Na mtu amelala katikati yao, katika dungu la makuti lisilo na ukuta.

Kwa hiyo, mavi ya nguruwe yakionekana shambani, tafuta pia mavi yenye manyoya. Ukiyakuta, usilale shambani peke yako. Zungumza na jirani mlinde kwa zamu, mkiwa wengi, na dungu lenu liwe imara na refu. Toa habari kwa mwenyekiti wa kitongoji na kwa ofisa wa wanyamapori. Usimfuate simba mwenyewe.

KWA NINI USIGUSE?

Wanyama wala nyama, pamoja na mbwa wetu, huweza kuwa na minyoo ya tegu. Mayai ya minyoo hiyo hutoka pamoja na mavi. Ni madogo mno, huwezi kuyaona kwa macho. Yakikushika mkononi, nawe ukala bila kunawa, huingia tumboni. Baadhi ya tegu hao husababisha uvimbe wenye maji katika ini au mapafu. Uvimbe huo hukua polepole, na mara nyingine hauponi bila upasuaji.

Mvua ikinyesha, mavi husombwa hadi kisimani na mtoni. Ndiyo maana maji ya kunywa lazima yachemshwe, hata kama yanaonekana safi.

Jihadhari pia na mapango yenye mavi ya popo. Mwaka 2023 ugonjwa wa Marburg ulizuka mkoani Kagera, ukazuka tena mwaka 2025. Virusi vyake hukaa ndani ya popo wala matunda wanaolala mapangoni. Ugonjwa huo huua. Usiingie katika mapango hayo, wala usiwaache watoto kuchezea humo.

UFANYE NINI?

1. Tazama kwa macho, pasua kwa kijiti. Kisha tupa kijiti hicho.
2. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula. Kama sabuni hakuna, tumia majivu.
3. Ukikuta mavi mapya ya simba, chui, tembo au nyati, usiendelee mbele. Rudi taratibu ulikotoka. Usikimbie.
4. Waambie wenzako mapema, hasa wanaokwenda kuchota maji, kutafuta kuni na kuchunga.
5. Mavi ya fisi yakionekana karibu na nyumba, imarisha zizi. Watoto wasilale nje, hata wakati wa joto.

Kuni za leo zinaweza kungoja hadi kesho. Mtu akipotea hapatikani tena. Soma barua ya porini, na umfundishe mwanao kuisoma.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini mavi ya fisi huwa meupe?
2. Utajuaje kwamba mavi uliyoyakuta ni ya mnyama mla nyama?
3. Katika kijiji chenu, ni nani hulala shambani wakati wa mavuno? Mnaweza kufanya nini pamoja ili awe salama?