Mzaha Mkononi, Saratani Kifuani

Oktoba 28, 2010 ilikuwa siku ya kuikumbuka saratani ya matiti katika shule moja mjini Easton, jimbo la Pennsylvania, Marekani. Walimu walikuwa wamehimizwa kuvaa nguo za pinki. Wasichana wawili, mmoja wa darasa la saba na mwenzake wa la nane, wao walikuja na bangili za mpira zilizoandikwa "I ♥ boobies!" pamoja na jina la taasisi iliyozitengeneza, Keep A Breast. Maana yake ni kwamba mvaaji anayapenda matiti, ila neno lililotumika ni la utani, lile ambalo mtoto hulisema mwalimu akishageukia ubao. Shule ilikuwa imeshazipiga marufuku. Wasichana wakagoma kuzivua. Wakatengwa na darasa kwa siku moja na nusu, na wakanyimwa kwenda kwenye dansi ya shule ya majira ya baridi.

Mama zao ndio waliokuwa wamekwenda nao dukani kununua bangili hizo, na mama hao hawakukubali yaishe. Walikwenda mahakamani wakisaidiwa na ACLU, chama kikubwa cha kutetea haki za raia nchini humo. Mwaka 2011 Jaji Mary McLaughlin aliwapa ushindi wa awali. Wilaya ya shule ikakata rufaa, na Agosti 2013 majaji 14 wa Mahakama ya Rufaa ya shirikisho mjini Philadelphia wakagawanyika, tisa wakiwa upande wa wasichana na watano upande wa shule. Machi 2014 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa kuisikiliza kesi, na mambo yakaishia hapo.

Majaji wale tisa walisema kwamba maneno yanayoweza kusomwa kama utani wa kingono, lakini yanayogusa pia jambo la kijamii, hayafutwi kwa sababu tu yanamkera mwalimu mkuu. Nyuma yao ilisimama hukumu ya Tinker ya mwaka 1969, iliyowalinda wanafunzi wa Des Moines waliovaa vitambaa vyeusi mikononi kupinga vita vya Vietnam. Wenzao watano hawakushawishika. Na huko Wisconsin mwaka 2012, kisha Indiana mwaka 2013, mahakama nyingine za shirikisho ziliitazama bangili ileile zikazipa shule haki ya kuikataza.

Mimi naona wasichana wa Easton walistahili kushinda. Mtoto asiadhibiwe kwa kuvaa alichonunuliwa na mama yake kwa nia njema. Lakini hakuna jaji aliyeombwa kuamua kama bangili ile humsaidia mtu yeyote asife kwa saratani, na hilo ndilo swali linaloachwa kila Oktoba fulana za pinki zinapotoka makabatini.

Wanaoitetea bangili wana hoja nzito. Keep A Breast ilizaliwa California mwaka 2000, na tangu mwanzo ililenga vijana. Imani yao ni kwamba kijana hukimbia vitisho lakini husogelea kicheko, na kwamba aibu inaua. Waswahili tulishasema mficha uchi hazai. Kwetu mama wa makamo mwenye uvimbe kwenye titi anaweza kufika zahanati akasema anaumwa kifua, akarudi nyumbani na dawa ya kikohozi. Binti aliyezoea kulitaja titi bila kuinamisha kichwa ana nafuu kubwa kuliko mama huyo. Kama kilichomzoesha ni bangili ya mpira, sina ugomvi na bangili.

Ugomvi wangu unaanza mezani, wakati wa chakula cha mchana. Kumbukumbu za kesi ya Easton zinaeleza jinsi wasichana wawili walivyokuwa wakizizungumzia bangili hizo, mvulana akadakia kwamba yeye anataka matiti, akaonyesha ishara ya ovyo kwa peremende mbili za mviringo. Kumbukumbu za kesi hizi zinaonyesha pia kwamba hata wenye biashara ya picha za ngono walitaka kuziuza bangili, taasisi ikawakatalia. Ilifanya vyema kukataa, ila ombi lenyewe linatuambia jambo. Maneno yaliyoandikwa mle hayamtaji mgonjwa. Yanataja kiungo, tena kwa sauti ya mtu anayekitazama kwa matamanio.

Mwandishi wa Marekani Peggy Orenstein, ambaye mwenyewe ameugua saratani ya matiti zaidi ya mara moja, aliilalamikia sana staili hii. Kampeni ya namna hiyo inalipenda titi kuliko inavyompenda mwenye titi. Fikiria aliyekatwa yote mawili ili aishi, anapita sokoni na mbele yake kijana kavaa bangili inayosema anachokipenda ni kile alichokosa yeye. Fikiria na mwanamume, maana takribani kesi moja katika kila mia humpata mwanamume, na wengi wao hawajui kabisa kwamba wanaweza kuugua.

Bangili haiko peke yake. Januari 2010, kwenye Facebook, wanawake wengi waliandika neno moja tu, jina la rangi: nyeusi, nyeupe, nyekundu. Ilikuwa rangi ya sidiria waliyovaa, na wanaume hawakutakiwa kuambiwa siri. Eti ni kuhamasisha kuhusu saratani. Mchezo ulisambaa dunia nzima bila kumwambia hata mtu mmoja dalili ni zipi wala aende wapi akiziona.

Tena mlengwa mwenyewe ni nani? Saratani ya matiti kwa msichana wa miaka 13 ni nadra mno. Uvimbe anaoupapasa katika umri huo mara nyingi ni fibroadenoma, uvimbe usio saratani, au ni titi tu linalokua. Hata kwa watu wazima, zoezi la kujipapasa kila mwezi kwa ratiba halijatoa matunda yaliyotarajiwa. Huko Shanghai watafiti waliwafuatilia wafanyakazi wanawake 266,064 wa viwanda vya nguo, nusu wakafundishwa kujipima, nusu hawakufundishwa. Matokeo yalitoka mwaka 2002: waliofundishwa walikufa 135 kwa ugonjwa huo, wasiofundishwa 131. Kilichoongezeka kwa waliofundishwa ni vipimo vya vinyama ambavyo havikuwa saratani. Hii haimaanishi kwamba mtu apuuze uvimbe alioukuta akioga. La, huo aupeleke hospitali upesi. Ila kumfanya mtoto wa shule ahesabu vivimbe kila mwezi ni kumpa hofu isiyo na faida. Huko Marekani mwongozo wa kitaifa wa mwaka 2024 unawataka wanawake waanze picha ya mamografia wakiwa na miaka 40. Msichana wa darasa la saba ana zaidi ya robo karne ya kusubiri.

Je, basi mzaha wote utupwe? Hapana, na ushahidi wangu ni mwanamke mmoja wa Uingereza. Kristin Hallenga aligunduliwa ana saratani ya matiti akiwa na miaka 23, ikiwa tayari hatua ya nne, baada ya kuambiwa na daktari kwamba ni mambo ya homoni tu. Mwaka 2009 akaanzisha CoppaFeel!, jina ambalo kwa Kiingereza cha mtaani ni utani wa kupapasana. Ukiyasikia maneno pekee utasema hakuna tofauti na ya Easton. Tofauti ni kwamba aliyecheka alikuwa mgonjwa mwenyewe, akiwaambia vijana wakubwa kidogo, wale ambao daktari angeweza kuwarudisha nyumbani kwa kuwa eti bado wadogo. Mara tu walipomaliza kucheka, alikuwa na la kuwaambia: ujue titi lako lilivyo kawaida, ukiona badiliko nenda, ukirudishwa nenda tena. Alipigania pia somo la saratani mashuleni, na tangu 2020 elimu ya afya ni ya lazima katika shule za umma za England. Aliishi na ugonjwa miaka 15, akafariki Mei 2024.

Kwetu Afrika Mashariki hesabu ni nyingine, kwa sababu kuna saratani ambayo umri wa ujana ndio hasa wakati wa kuizuia. Ni ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Chanjo ya virusi vya HPV huizuia, na hufanya kazi vizuri zaidi kabla msichana hajaanza mapenzi. Rwanda ilianza kuitoa kitaifa mwaka 2011, Tanzania 2018, Kenya 2019. Tangu 2024 Tanzania inatoa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Sijamwona aliyeitengenezea bangili ya utani. Mlango wa kizazi hauna jina la kuchekesha wala haumvutii mvulana mezani, kwa hiyo watengeneza kaulimbiu wameupita, wakaacha uvumi kwamba chanjo inafunga kizazi uzunguke kwenye simu za wazazi bila mpinzani.

Muuguzi anayepeleka chanjo hiyo shuleni tayari ana mbele yake darasa zima la wasichana wanaosikiliza, wengine kwa woga wa sindano. Dakika kumi za ziada zinamtosha kuwapa ujumbe wa kupeleka nyumbani kwa mama, shangazi na bibi, ambao ndio walio katika umri wa hatari: uvimbe mgumu kwenye titi au kwapani, chuchu iliyozama ghafla au kutoa damu, ngozi iliyokunjamana kama ganda la chungwa. Na awaambie kwamba uvimbe wa saratani mara nyingi hauumi mwanzoni. Wanawake wengi wa kwetu hufika hospitali ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne, na baadhi yao walikuwa wakisubiri maumivu.