Foto ya ndani ya mugodi: mwangaza kwanza, kisha telefone

Wandugu watumikaji wa mugodi, na ninyi wamama na watoto munaosoma hii gazeti pamoja nao, leo hatutazungumuza mushahara wala kontra. Tutazungumuza foto. Siku hizi foto njo imekuwa mushahidi wetu wa kwanza. Muti wa kushikilia mawe umevunjika: foto. Waya wa umeme uko uchi mu maji: foto. Mawe ya juu ya vichwa yamepasuka: foto. Kila mutu iko na telefone mu mufuko, na kila delege wa sendika anapokea zile foto usiku na muchana.

Lakini mara mingi foto ya ku shimo inafika pa meza ya ofisi ikiwa imejaa chembechembe, sawa vile mutu amemwanga chumvi na pilipili juu yake. Rangi zinachanganyika, nyekundu na kijani mahali ambapo jiwe ni nyeusi tu. Na pale mukubwa anapata njia ya kukimbia.

Mu shirika moja, ambayo sitataja jina, tulipeleka foto ya mupasuko mu mawe ya juu ya galeri. Injeniere akaangalia, akarudisha telefone. Akasema: « Papa delege, hapa hatuone kitu. Hii ni makosa ya telefone yenu. » Tulibishana wiki 2 juu ya foto, hapana juu ya jiwe. Kisha komite ya usalama ikashuka na lampi za nguvu. Mupasuko ulikuwa pale pale, mutu anaweza kuingiza kidole. Wiki zote 2 watumikaji walikuwa wakipita chini yake, asubui, muchana na usiku.

Njo maana inafaa tujue zile chembechembe zinatoka wapi. Mutu akijua chanzo, atajua namna ya kuzipunguza, na hatakubali mwingine amuambie kama foto yake haina maana.

Wapiga foto wanaita ile kitu makelele; kwa Kifaransa wanasema « bruit ». Jina ni nzuri. Fikiria radio yenye kushika stasio ya mbali. Sauti ni ndogo, wewe unapandisha volime. Muzungumuzaji anasikika zaidi, lakini ile « shshsh » nayo inapanda pamoja naye. Volime haijui kuchagua kati ya neno na makelele. Inapandisha vyote.

Mu kamera, hii volime njo ISO. Jina lilitoka ku shirika la dunia nzima la kupanga vipimo, lenye makao Geneva, mu Uswisi. Zamani, wakati wa filme, hesabu ya ISO ilisema filme ina wepesi gani wa kushika mwangaza. Kwa kamera za numeriki waliandika kipimo chake tangu 1998. Hesabu inaenda kwa mara mbili: 100, 200, 400, 800, 1600, 3200. Kila ukipanda ngazi moja, kamera inatosheka na nusu ya mwangaza wa mbele. Kutoka 100 mupaka 3200 ni ngazi 5, maana yake inafanya kazi na mwangaza mara 32 kidogo zaidi. Inje, mu jua ya saa sita, telefone inajiwekea ISO ndogo, karibu 50 ao 100. Mu galeri yenye lampi moja ya kaske, yenyewe inapanda mupaka 1600, 3200 na kupita. Haikuulize ruhusa.

Sasa, makelele yenyewe yanatoka wapi? Watu wengi wanasema ISO njo inayaleta. Si kweli kabisa. Sababu kubwa ni mwangaza kukosa.

Mwangaza haumwangike sawa maji ya robine. Unafika kwa matone madogo sana, moja moja, bila mupango, sawa vile mvua inaanza juu ya mabati. Weka masahani 2 inje mvua ikianza, kisha uzitoe mbio. Sahani moja itapata matone 7, ingine 12, hata kama zilikuwa zimekaribiana. Uziache saa nzima: zote zitakuwa na maji karibu sawa. Ndani ya kamera muko kipande kidogo kinaitwa kapteri, chenye mamilioni ya masahani kama yale. Mwangaza ukiwa mwingi, masahani ya jirani yanapata sawasawa, na jiwe nyeusi inatokea nyeusi safi. Mwangaza ukiwa kidogo, moja inapata mingi, ingine inapata kidogo, na jicho linaona chembechembe.

Hesabu yake inajulikana. Kama sahani inapokea matone 3200, kuyumba kwake ni karibu 57, yaani chini ya 2 kwa 100. Kama inapokea matone 100 tu, kuyumba ni 10, yaani 10 kwa 100. Hii njo tofauti kati ya ISO 100 na ISO 3200 kwa sahani ileile. Ukishusha ISO kwa mukono bila kuongeza mwangaza ao muda, utapata foto ya giza, na ukiiangaza kisha na programu, makelele yatatokea palepale.

Kuko mambo mengine 2 yenye kuongeza makelele kwa sisi watu wa mugodi. Ya kwanza ni udogo wa kapteri. Kamera kubwa ya wanagazeti iko na kapteri ya milimetre 36 kwa 24. Ile ya telefone ya bei ndogo haifike hata ukucha wa kidole kidogo. Masahani ni madogo, yanashika matone kidogo. Ya pili ni joto. Kapteri ikipata moto, inajitungia alama hata mahali mwangaza haujafika. Telefone yenye ilikuwa mu mufuko wa salopeti saa 4, mu galeri ya joto, inaanza kazi ikiwa imechoka.

Watengenezaji wa telefone wanajua hii tatizo, kwa hiyo waliweka programu ya kuosha foto. Programu inaangalia chembechembe, inazifuta, inapakaza rangi moja. Uso wa mutu unatokea laini, na mama ku nyumba anafurahi. Lakini mupasuko mwembamba mu jiwe na chembe ya makelele, kwa macho ya programu, vinafanana. Inafuta vyote. Unabaki na jiwe nzuri, safi, bila kasoro, na kumbe lile jiwe linataka kuanguka. Kwa foto ya usalama, chembechembe ni afazali kuliko uzuri wa uongo.

Dawa ya kweli ni kuleta mwangaza. Watu wa mbele yetu walijua hii. Mu mwezi wa kwanza wa 1911, Lewis Hine, mupiga foto wa Marekani, alienda South Pittston, mu Pennsylvania, kupiga foto za watoto wadogo waliokuwa wakichagua mawe mu makaa, mu vumbi nzito. Filme za ile siku zilikuwa nzito sana kushika mwangaza. Mahali pa giza Hine alikuwa akiwasha unga wa manyezi, unatoa mwangaza mara moja sawa radi. Tena aliandika mahali na siku, na umri wa watoto. Foto zake zilisaidia kampanye ya kukataza kazi ya watoto. Sheria ya kwanza ya Marekani yote ilitoka 1916, tribinali kubwa ikaivunja 1918, na ingine yenye kudumu ikatoka 1938. Miaka 27 tangu zile foto. Ushahidi muzuri hauzeeke.

Sisi hatuna lazima ya unga wa moto, tuko na lampi za kaske. Basi tufanye hivi.

Kwanza, panguza lanti ya telefone. Vumbi na jasho vinakula mwangaza mbele haujaingia.

Pili, kusanya lampi. Lampi 3 za namna moja zinaleta mwangaza mara 3. Na lampi ikitoka metre 4 ikafika metre 2, mwangaza pa jiwe unakuwa karibu mara 4: ISO inaweza kushuka kutoka 3200 mupaka 800. Lakini munisikie vizuri: ni lampi yenye kukaribia, hapana mutu kusimama chini ya jiwe yenye kutaka kuanguka. Ifunge ku muti murefu ikiombwa.

Tatu, angaza kutoka pembeni, hapana kutoka ku telefone. Flashi ya telefone inapiga vumbi ya karibu na lanti, na foto inajaa viduara vyeupe. Lampi ya pembeni inatupa kivuli ndani ya mupasuko, na mupasuko unatokea wazi hata mutoto anauona.

Ine, telefone isitikisike. Iegemeze ku ukuta ao juu ya sanduku, tumia retardateri ya segonde 3 ili kidole kisiitikise. Kama telefone iko na sehemu ya kupanga kwa mukono, weka ISO 200 na muda wa segonde 1. Muda murefu ni mvua ndefu: masahani yanajaa. Lakini kitu chenye kutembea kitatoka ukungu, kwa hiyo hii ni ya mawe, miti na waya, hapana ya watu ku kazi.

Tano, usivute foto kwa vidole ku ekra. Piga foto 3: ya mbali, ya katikati, ya karibu. Weka kaske ao metre ya kupimia pembeni ya kitu, mahali salama, ili ukubwa wake ujulikane.

Foto isipite maisha. Kama mwenzako ameumia, telefone inabaki mu mufuko mupaka atoke. Usiwashe telefone karibu na dinamiti na detonateri za umeme. Na mahali ambapo reglema inakataza telefone ku shimo, usijitoe ku kazi juu ya foto. Pitia delege. Code du travail yetu ya 16 Oktoba 2002 inatambua delegasio ya sendika na komite ya usalama. Komite iombe kamera ya shirika ishuke, na lampi zishuke nayo.

Foto ikisha kupigwa, linda faili ya kwanza. Ndani yake mumeandikwa siku, saa, ISO na muda wa mwangaza. Ukiituma kwa WhatsApp sawa foto ya kawaida, inakondeshwa na yale maandiko yanatoka. Itume sawa dokima, na ya kwanza ibaki mu telefone. Usiioshe na programu, usiweke rangi.

Tena kuko jambo moja la kushangaza. Hakuna kapteri 2 zenye kufanana kabisa. Masahani ya kila moja yana kasoro zake ndogo, na zile kasoro zinaacha alama ileile mu kila foto. Mu miaka ya 2005 na 2006, Jessica Fridrich na wenzake wa chuo kikuu cha Binghamton, mu Marekani, walionyesha namna ya kuzisoma, sawa vile polisi wanasoma alama za vidole, ili kujua foto ilitoka ku kamera gani. Basi hata mu yale makelele muko sahihi ya telefone yako. Mutu akioshaosha foto, anaharibu ile sahihi kwa mikono yake.

Kwa hiyo, mukubwa akisema foto yako iko na chembechembe, usinyamaze na usikasirike. Mujibu kwa upole: « Ndiyo Patro, iko nazo, juu ile galeri haina mwangaza. Ile nayo muiandike mu raporti. » Mahali kamera haioni, hata macho ya mutumikaji haione vizuri. Kisha omba washuke na lampi, posti yenye kufuata haijaingia.