Kila Chakula na Kinywaji Chake

Kuchagua kinywaji cha kufuatana na chakula si kazi ya wapishi wa hoteli kubwa peke yao. Kila nyumba hufanya uchaguzi huo kila siku, ijapokuwa mara nyingi hufanywa kwa mazoea tu. Mtu anayeanza kujifunza jambo hili yampasa kujua mambo mawili. Kwanza, kinywaji chaweza kukamilisha ladha ya chakula. Pili, chaweza kuongeza au kupunguza faida ambayo mwili huipata katika chakula hicho.

Kwa habari ya ladha, watu wa pwani ni waalimu wema. Katika Mombasa na Lamu kahawa chungu humiminwa kutoka katika dele, ikanywewa kwa vikombe vidogo pamoja na tende, kashata au halua. Uchungu wa kahawa huzuia utamu usikinaishe, na utamu nao hulainisha uchungu. Vivyo hivyo pilau yenye mafuta mengi hupatana na maji ya ukwaju, kwa kuwa uchachu wake husafisha ulimi. Chakula chenye pilipili nyingi chataka maziwa lala, wala si maji. Mwasho wa pilipili hauyeyuki katika maji, bali maziwa huuchukua ukatoka kinywani.

Jambo la pili ndilo lenye uzito zaidi, na hasa kwa habari ya chai. Chai ilipandwa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka wa 1903, huko Limuru, na leo ni kinywaji cha mkulima na karani, cha mgeni na mwenyeji. Huleta fedha nyingi nchini, wala hapana sababu ya kuiacha. Lakini ina saa yake. Ndani ya majani ya chai mna kitu kiitwacho tanini, ambacho huikausha midomo ya mtu anywapo chai ya rangi iliyokolea. Tanini ikikutana tumboni na madini ya chuma yaliyomo katika maharagwe, wimbi au mboga, hushikamana nayo, na mwili hushindwa kuyatwaa. Nayo madini hayo ndiyo mwili uyatumiayo kutengeneza damu.

Mwaka wa 1983 wataalamu wa Marekani walichapisha matokeo ya majaribio yao juu ya jambo hili. Walipowapa watu chai pamoja na mlo, madini ya chuma yaliyoingia mwilini yalipungua kwa asilimia 64. Kwa kahawa yalipungua kwa asilimia 39. Waliona pia ya kuwa kahawa iliyonywewa saa moja kabla ya chakula haikuleta hasara, bali ile iliyonywewa saa moja baada ya chakula ilizuia sawasawa na ile iliyonywewa pamoja nacho. Wala mtu asidhani ya kuwa kutia maziwa katika chai huondoa tabia hii.

Madini ya chuma yaliyomo katika nyama hayazuiliwi sana na chai. Kwa hiyo anayekula nyama kila siku hapati hasara kubwa. Hasara humwangukia yule ambaye chakula chake ni githeri, au ugali na sukuma wiki, na ambaye kikombe cha chai hakiondoki mezani pake. Katika nyumba hiyo walio hatarini zaidi ni mama mjamzito, msichana aliyekwisha vunja ungo, na mtoto mdogo.

Dawa yake si ya gharama. Chakula kiliwe pamoja na maji safi, au maji yaliyokamuliwa ndimu au chungwa. Vitamini C iliyomo katika matunda hayo huyasaidia madini ya chuma kuingia mwilini. Pera, papai na nanasi hufanya kazi iyo hiyo, mradi yaliwe pamoja na mlo na yaliwe mabichi, kwa kuwa moto huharibu vitamini hiyo. Uji wa wimbi nao utiwe ndimu baada ya kuepuliwa, au unga wake uchachushwe kwanza, kama wazee walivyozoea. Chai na inywewe saa moja kabla ya chakula, au saa mbili baadaye. Karani anayekunywa chai yake saa nne za asubuhi, kisha akala maharagwe saa saba, amepata vyote viwili bila kupoteza kitu.

Mama aliyepewa vidonge vya kuongeza damu katika kliniki avimeze kwa maji, asivimeze kwa chai. Na mtu ambaye viganja vyake vimekuwa vyeupe, anayechoka upesi na kuhema kwa kazi ndogo, asitegemee ndimu peke yake. Malaria na minyoo ya safura pia hupunguza damu, na ni mganga wa hospitali awezaye kupima na kujua sababu. Lakini kwa nyumba yenye afya, mwanzo mwema ni kuisogeza birika ya chai mbali na sufuria ya maharagwe, na kuweka ndimu mahali pake.