Kabuti: Vazi la Mlinzi Linalostahili Heshima

Mtu wa Mwambao aliyezowea kikoi na kanzu nyepesi, akifika Machakos mwezi wa Julai atajuta. Mji huo uko yapata mita 1,600 juu ya bahari, na tangu Juni hata Agosti mawingu huvitanda vilima vya Iveti. Manyunyu yake ni madogo, lakini hupenya.

Yalinipata hayo mimi mwenyewe. Usiku mmoja nilikuwa nikitetemeka barazani pa duka, koti langu limelowa hata bitana. Kando yangu ameketi mlinzi mzee, ametoka kuzunguka uani mvuani, naye ametulia kana kwamba yuko kwake. Amevaa kabuti.

Nilimwamkia shikamoo, akaitika, tukazungumza. Akanieleza kuwa kabuti lile ni urithi wa babake, aliyekuwa askari wa Keya. Rangi ya kaki imepauka, vifungo viwili si vya asili, na mikono imetiwa viraka. Lakini mvua ilikuwa imekaa mabegani mwake kama umande juu ya jani, na ndani ni pakavu.

Msomaji mpenzi, usione vyaelea, vimeundwa. Siri ya vazi hili ni sufu. Kitambaa kikisha kufumwa huloweshwa na kupondwa mpaka nyuzi zikasinyaa na kushikamana, basi mvua hutaabika kupata njia. Hata maji yakiingia, sufu huweza kunywa karibu theluthi ya uzito wake, na bado mvaaji akasalia na joto. Koti la mpira ni jingine. Charles Macintosh wa Scotland alipata hataza yake mwaka 1823 kwa kutia mpira baina ya vitambaa viwili. Hilo huzuia mvua barabara, lakini huzuia na jasho lisitoke. Mlinzi akizunguka ua mara kadhaa, huwa amelowa kwa ndani.

Neno kabuti ni ndugu ya capote la Kireno, lakini huku bara vazi lenyewe lilienea kwa jeshi. Keya iliundwa mwaka 1902, na Wakamba wakaandikwa humo kwa wingi. Mwaka 1944 askari wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki walisonga mbele katika bonde la Kabaw, nchini Burma, wakipigana na Wajapani, matope, malaria na mvua isiyokatika. Vita vikaisha, wakarudi makwao. Medali haipashi mwili joto. Koti la kijeshi lilikuwa na kazi bado. Jina la Keya likatoka Kenya kwa uhuru wa mwaka 1963, lakini kabuti likabaki, likawa vazi la bawabu na mlinzi wa usiku.

Hapo ndipo lilipovunjiwa heshima. Vijana hulicheka, ati nguo ya soja! Wao hutaka jaketi la nailoni linalong'aa. Zipu ikikatika na mshono ukifumuka, jaketi huishia jaani. Kabuti hushoneka. Kola ikichakaa, fundi wa cherehani huigeuza. Bitana ikioza, hutia nyingine. Na mtoto hurithi kwa baba.

Nilimwuliza mzee kama mwajiri wake hakumpa koti. Akaniashiria msumari ukutani. Palitundikwa jaketi jembamba, jipya kabisa, ambalo alilivaa mvua moja tu akaumwa kifua.

Jambo hilo halikunitoka moyoni. Mwenye duka hununua kufuli ya chuma nene kulinda mali, kisha mwenye kuilinda kufuli humvika kitambaa kisichoshinda manyunyu. Si kila mlinzi aliyerithi kabuti la Keya. Enyi matajiri mlalao chini ya mablanketi mawili, usiku wa Julai ni mrefu. Mkinunua kufuli, nunueni na koti, na liwe zito.