Furaha Inayojengwa kwa Miti na Majani: Sikukuu ya Vibanda Ikitazamwa kutoka Masasi na Newala

Mkulima wa Newala au wa Masasi hahitaji kuelezwa kibanda ni nini. Juu ya uwanda wa Makonde, na chini katika tambarare yenye majabali inayouzunguka mji wa Masasi, mazao hayaachwi peke yake yanapokaribia kukomaa, bali familia husimamisha dungu au kibanda cha miti na nyasi shambani, na humo watu huamia ndege mchana na kukesha usiku wakifukuza nguruwe na nyani, mpaka mavuno yaingie ghalani. Kibanda hicho hakijengwi ili kidumu. Msimu ukipita nyasi huoza, miti hugeuka kuni, na mwaka unaofuata hujengwa kingine. Ujuzi huu wa shambani unatosha kumfungulia msomaji mlango wa kuielewa sikukuu mojawapo kati ya zile kongwe kabisa za dini ya Kiyahudi, ambayo Biblia ya Kiswahili huitaja kwa jina la Sikukuu ya Vibanda, na ambayo Wayahudi wenyewe huiita Sukoti, neno la Kiebrania lenye maana hiyo hiyo ya vibanda.

Sukoti huanza siku ya 15 ya mwezi wa Tishri, mwezi ukiwa mpevu, siku tano tu baada ya Yom Kipur, yaani Siku ya Upatanisho, ambayo Wayahudi huipitisha kwa mfungo na toba. Kalenda yao hufuata mwandamo wa mwezi kama ile ya Waislamu, lakini kwa kuwa huongezwa mwezi wa 13 mara saba katika kila kipindi cha miaka 19, sikukuu zao hazizunguki mwaka mzima kama uzungukavyo mfungo wa Ramadhani. Ndiyo maana Sukoti huangukia Septemba au Oktoba, wakati ambapo katika nchi ya Israeli ya kale zabibu zilikuwa zimekwisha kuvunwa na nafaka zimo ghalani, na wakati ambapo katika wilaya za Kusini mwa Tanzania korosho zinaanza kuokotwa chini ya mikorosho.

Furaha iliyo sheria

Sikukuu hii hubeba maana mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni shukrani ya mavuno, na ya pili ni kumbukumbu ya safari ya Wana wa Israeli waliotoka utumwani Misri wakiongozwa na Musa, nabii anayejulikana kwa Wakristo na Waislamu vilevile, wakaishi jangwani miaka 40 bila nyumba za kudumu. Kitabu cha Mambo ya Walawi kinawaagiza wakae vibandani siku saba ili kila kizazi kijue kwamba wazee wao waliwahi kuishi hivyo. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati kinaongeza agizo linaloweza kumshangaza msomaji, kwa sababu kinaamuru furaha: mtu afurahi katika sikukuu yake, yeye na mwanawe na binti yake, mtumwa wake na mjakazi wake, pamoja na Mlawi asiye na shamba, mgeni, yatima na mjane.

Orodha hiyo ndiyo moyo wa jambo lenyewe. Furaha inayoagizwa si hisia inayomjia mtu kwa bahati, kwa kuwa hisia haziamrishwi. Ni kazi inayofanywa kwa mikono, yenye vifaa vyake, siku zake na majina ya watu wanaopaswa kuwamo, na katika majina hayo wasio na kitu wametajwa waziwazi kama walivyotajwa watoto wa nyumbani. Ni kwa sababu hiyo sala za Kiyahudi huyaita majira haya wakati wa furaha, heshima ambayo hata Pasaka, sikukuu ya ukombozi wenyewe, haikupewa.

Namna kibanda kinavyojengwa

Kazi huanza mara Yom Kipur inapomalizika, na ni desturi ya wengi kusimika mti wa kwanza usiku ule ule, kabla hata uchovu wa mfungo haujaisha. Kuta zinaweza kuwa za mbao, turubai, mianzi au kitu chochote kinachoweza kuhimili upepo, lakini paa lina masharti magumu zaidi. Ni lazima liwe la kitu kilichoota ardhini na kukatwa, kama matawi, makuti, matete au majani ya mgomba, hivyo bati halifai. Na ni lazima kibanda kisimame chini ya anga tupu, kwa hiyo kilichojengwa kwenye kivuli cha mwembe au mkorosho, hata kikiwa kizuri namna gani, hakihesabiwi. Majani hutandazwa kwa wingi kiasi cha kivuli kuzidi jua, lakini si kwa wingi wa kuziba kila tundu, kwani inapendeza aliyeketi ndani aweze kuziona nyota.

Ndani ya kibanda hicho, ambacho watoto hukipamba kwa matunda na picha, familia hula milo yake yote kwa siku saba, na wenye kuweza hulala humo. Mvua ikinyesha kiasi cha kuharibu chakula, watu wanaruhusiwa kurudi nyumbani, kwa sababu sheria inayoamuru furaha haiwezi kumlazimisha mtu ateseke. Mwenye nyumba ya ghorofa na mpangaji wa chumba kimoja huketi wote chini ya majani yanayovuja, na kwa wiki moja tofauti zao za mali hupungua mbele ya macho ya watoto wao.

Katika kila usiku wa siku hizo saba, wengi hukaribisha kwa maneno mgeni mmoja kati ya saba wa heshima kutoka katika historia yao, yaani Ibrahimu, Isaka, Yakobo, Musa, Haruni, Yusufu na Daudi, na pamoja na mgeni huyo asiyeonekana hukaribishwa wageni wanaoonekana, hasa maskini. Waswahili husema, mgeni njoo, mwenyeji apone, na ndivyo walivyoelewa wanazuoni wa Kiyahudi pia. Musa bin Maimun, mwanasheria na tabibu mkubwa aliyezaliwa Cordoba na kufariki nchini Misri mwaka 1204, alifundisha kwamba mtu anayefunga lango la ua wake akala na kunywa na mke na watoto wake tu, bila kuwalisha maskini na wenye uchungu, hajaitimiza furaha ya sikukuu. Alichokifurahisha ni tumbo lake.

Mafundisho hayo hayo yamo katika mimea minne inayoshikwa pamoja wakati wa sala na kutikiswa kuelekea pande zote: kuti changa la mtende, vitawi vya mhadasi, vitawi vya mwerebi, na etrogi, tunda la jamii ya limau lenye ngozi nene na harufu nzuri. Wahenga wa Kiyahudi walieleza kwamba etrogi ina ladha na harufu, kama mtu mwenye elimu na matendo mema. Mtende hutoa ladha bila harufu, kama mwenye elimu asiye na matendo. Mhadasi una harufu bila ladha, kama mwenye matendo asiye na elimu. Na mwerebi hauna hiki wala kile. Hata hivyo mwerebi hautupwi. Ukikosekana, sala ya mimea minne haikamiliki, na kwa hiyo jamii inayotaka kufurahi mbele za Mungu haina ruhusa ya kumwacha nje hata yule inayemwona hana faida. Mwisho wa siku hizi huja Simhati Tora, yaani Furaha ya Torati, ambapo magombo ya maandiko hutolewa kabatini na watu huyabeba wakicheza na kuimba katika mizunguko saba, watoto wakiwa mabegani mwa wakubwa.

Abayudaya na jioni ya Aprili 1979

Masasi na Newala ni nchi ya Waislamu na Wakristo, lakini Afrika Mashariki haikosi Wayahudi wazawa. Karibu na Mbale, mashariki mwa Uganda, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, wanaishi Abayudaya, jina la Kiganda lenye maana ya watu wa Yuda. Mwanzilishi wao alikuwa Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuiteka sehemu hiyo ya nchi kisha akaachana nao, na ambaye mwaka 1919, baada ya kujisomea Biblia, alishika tohara na sheria za Agano la Kale. Myahudi mmoja mgeni aliyeitwa Yusufu alimfundisha baadaye kalenda na sikukuu, na Kakungulu alipofariki mwaka 1928 aliacha jumuiya iliyojua siku zake takatifu.

Jumuiya hiyo ilijaribiwa vikali katika miaka ya 1970, Idi Amin alipopiga marufuku ibada ya Kiyahudi. Wengi waliiacha dini yao, na waliobaki, mamia machache tu, waliswali kwa siri. Kampala ilipoangukia mikononi mwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania na wapiganaji wa Uganda tarehe 11 Aprili 1979, jioni ya siku hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa ya kuanza Pasaka ya Kiyahudi, ambayo kila familia huiadhimisha kwa mlo wa usiku na masimulizi ya kutoka Misri. Kwa Abayudaya, kwa hiyo, kumbukumbu ya uhuru wa kale na ya uhuru wao wenyewe zimekutana katika usiku mmoja, na Watanzania wana sehemu yao ndani yake.

Tangu hapo wamejijenga upya. Nyimbo zao, zikiwemo zaburi kwa Kiganda na Kiebrania, zilitolewa na Smithsonian Folkways mwaka 2003. Mwaka 2004 walishiriki kuanzisha ushirika wa kahawa uitwao Mirembe Kawomera, yaani amani tamu, unaowaunganisha wakulima Wayahudi, Waislamu na Wakristo. Na kiongozi wao Gershom Sizomu alipata daraja ya urabi, yaani ualimu wa dini, mwaka 2008. Ushirika huo unaonyesha kwamba jamii inayozishika sikukuu zake kwa dhati haijitengi na jirani, bali hupata nguvu ya kumkaribia.

Masasi, mji wa waliotoka utumwani

Masasi nayo ina historia inayoisogeza Sikukuu ya Vibanda karibu sana. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, iliyofahamika kwa kifupi UMCA, aliongoza msafara wa watu waliokombolewa utumwani, ambao wengi wao asili yao ilikuwa pande za Ziwa Nyasa, akaja nao mpaka Masasi. Hapo, chini ya majabali, walikata miti, wakajenga, wakalima, wakaanza kuishi kama watu huru. Mwaka 1882 kijiji chao kilivamiwa na wapiganaji wa Kingoni waliojulikana kama Magwangwara, watu wakauawa na wengine wakatekwa, na baada ya hapo Chauncy Maples alianzisha kituo Newala, kwa Matola, chifu wa Kiyao. Hivyo miji hii miwili imeunganishwa na watu waliowahi kuwa hawana chochote isipokuwa uhuru na paa la muda.

Eneo hili pia lina kibanda chake kitakatifu. Katika jando la Wamakonde, Wamakua na Wayao, wavulana hukaa pamoja porini katika kibanda cha miti na nyasi, wakifundishwa na wakubwa wao, na kwa desturi kibanda hicho huchomwa moto siku ya kutoka, ndipo wazazi wanapowapokea kwa ngoma, nguo mpya na chakula cha kijiji kizima. Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi kuanzia mwaka 1926 hadi 1944, hakulipiga marufuku jando bali aliliingizia sala za Kikristo, akitambua kwamba jamii inayonyang'anywa sherehe zake hunyang'anywa pia njia ya kuwalea watoto wake.

Pasipo wivu wala mashindano ya dini, kuna jambo moja ambalo sherehe za Kusini zinaweza kujifunza kutoka kwa Sukoti. Siku hizi, fedha za korosho zinapoingia, harusi nyingi hupangwa kwa kadi za michango, na asiyechanga huachwa nje ya ukumbi hata kama ni jirani wa ukuta mmoja. Jando na unyago navyo vimeanza kupimwa kwa idadi ya spika na gharama ya sare. Sheria ya Vibanda inahesabu kinyume chake, kwa kuanza na nani hajaitwa. Kwa hiyo kila familia ya Masasi na Newala inayokaa sasa kupanga shughuli yake ya msimu huu, kabla ya kuandika jina la mchangiaji wa kwanza, iandike jina la mjane na la yatima wa mtaa wake, na iwatandikie mkeka pamoja na wengine.