"Wengi Wape" Haitoshi

Kila muhula mpya, katika kipindi cha kwanza cha somo la dhana ya demokrasia, mkono mmoja hunyanyuka kabla sijamaliza kuandika ubaoni. "Mwalimu, si demokrasia ni wengi wape? Sasa muhula mzima tunasoma nini?" Darasa letu ni la jioni. Wengi wanakuja moja kwa moja kutoka maduka ya Mtaa wa Kongo na Msimbazi, wamefunga hesabu za siku, na ada wameilipa kwa jasho lao. Kwa hiyo swali lao naliheshimu. Lakini nimelijibu mno, darasani, kwenye ngazi, hata kituoni nikisubiri daladala. Leo naliandikia jibu, ili safari hii tuanzie mbele kidogo.

Wanaosema "wengi wape" huikata methali katikati. Imalizieni basi: usipowapa, watachukua kwa mikono yao. Hayo ni maneno ya kumwonya mtu aliyezidiwa nguvu, kwamba bora atoe kwa amani kuliko kunyang'anywa. Kama wale wanaotaka kupewa wanastahili au hawastahili, methali haikugusa kabisa. Na bado watu wazima, wenye vyeti, wanaichukua kuwa maana ya demokrasia na kuwafundisha watoto wao hivyo hivyo.

Chukueni mchezo wa upatu, maana nusu ya darasa wanaucheza. Wanawake kumi wauza vitenge wanatoa shilingi 10,000 kila siku, kijumbe, yaani mkusanyaji wao, anazizungukia, na kila siku mmoja anapokea 100,000. Zamu walipanga siku ya kwanza kwa kuokota vikaratasi. Leo ni zamu ya wa saba, naye keshaahidi kulipa mzigo wake jioni. Tuseme wale tisa wanakaa pembeni, wananyoosha mikono, wanapitisha kwamba fedha ya leo wagawane wao. Kura tisa kwa moja, wazi kabisa, hakuna aliyelazimishwa. Kariakoo nzima itasema ni wizi. Muulize kijumbe kwa nini, naye atakujibu pale pale bila kutafuta kitabu: zamu zilishapangwa, na kila mmoja aliingia kwenye mchezo akijua hivyo. Kijumbe huyo ameshanifundishia wiki nne. Kiasi cha kutoa wengi wataamua, siku ya kuanza wataamua, hata kijumbe wanaweza kumbadilisha. Zamu ya mtu hawaigusi.

Anayedhani hayo yanaishia kwenye vitenge aitazame nchi yake. Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali iwaulize wananchi: tubaki na chama kimoja au tuwe na vyama vingi? Karibu asilimia 80 ya waliotoa maoni walisema chama kimoja. Kwa hesabu ya wengi wape, kazi ilikuwa imekwisha, tume ifunge majalada ikalale. Tume ikapendekeza vyama vingi, na kuanzia Julai 1992 vikaruhusiwa. Kila msimu wa uchaguzi nasikia watu wakijivunia mfumo huu kuwa ushindi wa wengi, na kila mara naumia, kwa sababu asili yake wameigeuza juu chini. Waliotaka chama kimoja hawakunyimwa haki yoyote: chama chao kilibaki na wakaendelea kukipigia kura. Lakini kama wangepewa walichoomba, ile asilimia 20 ingefungiwa mlango moja kwa moja, na ndiyo sababu maoni ya hao wachache hayakuweza kufutwa kwa kuhesabu vichwa. Tume hiyo hiyo ilitaja pia sheria 40 ilizoziona kandamizi. Kuna aliyewahi kuzipigia kura sheria zile ili zihesabike kuwa mbaya?

Hapo ndipo huja swali la pili, daima kwa sauti ya kunibana: "Kwa hiyo wachache watutawale?" Hapana, jamani. Serikali huwekwa na wengi, na hilo silipingi hata siku moja. Ninachosema ni kwamba aliyeshindwa leo lazima abaki na nafasi ya kushinda kesho: azungumze, akutane na wenzake, agombee tena. Mwaka 1965 Tanzania Bara chama kilikuwa kimoja, lakini karibu kila jimbo liliwekewa wagombea wawili, mmoja na alama ya jembe, mwingine nyumba, na kura ilikuwa na meno, maana Waziri wa Fedha Paul Bomani alikipoteza kiti chake. Wengi waliamua nani aende bungeni. Ila aliyetaka kukipinga chama chenyewe hakuwa na pa kutia alama. Tofauti hiyo asiyeiona asifanye mtihani wangu.

Sasa maandalizi, haraka haraka. Nunueni Katiba ya mwaka 1977, msome ibara ya 8, halafu ya 12 hadi ya 24, zile haki zilizoingizwa mwaka 1984. Someni "Tujisahihishe" ya Mwalimu Nyerere, ni fupi, jioni moja inatosha. Hudhurieni mkutano wa mtaa wenu walau mara moja, muulize mapato na matumizi, mkae mpaka mjibiwe. Wagiriki wa kale wasiwatishe: Athens baraza lao la watu 500 walilipata kwa kura ya bahati, kama vikaratasi vya upatu, na wanawake na watumwa waliachwa nje, tutafika huko. Wala msidhani elimu hii ni ya Mlimani, kwenye Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, peke yake. Chuo kikuu chenyewe kilianza mwaka 1961 kwenye jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria, hatua chache kutoka madukani kwenu.

Kipindi cha kwanza kinaanza saa 11:30 jioni. Anayecheza upatu aje na daftari la zamu, kama kijumbe wake ataridhia, kwa sababu tutaanza nalo.